Serikali Ilikimbia, Mbabula Ikabaki

Juzi kijana mumoja wa mradi alipita kwangu. Adabu tele, kizibao cha rangi ya machungwa, simu mukononi. Akaniuliza, "Maman, lile jiko tulilokupa mwaka jana, iko muzuri?" Nikamujibu bila kupepesa jicho, "Iko muzuri sana, mwanangu, aksanti." Akabonyeza simu yake, akafurahi, akaenda kwa jirani. Maskini! Jiko lenyewe kuku ametagia ndani.

Chekeni, lakini musikilize. Mimi Nabintu nimefanya kazi ya kukagua majiko tangu ujana mpaka miguu ilipokataa kupanda vilima vya Bukavu, na bado nilimudanganya mutoto wa watu muchana kweupe. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mugeni, na alikuwa amenipa kitu. Kwetu zawadi haisemwi ubaya mbele ya aliyeileta. Unashukuru, unafunga mulango, unapika unavyojua. Kijana alipoondoka nilikaa kitandani nikamukumbuka Muzee Murhula, roho ikaniuma. Nikasema, wacha niwaambie hawa vijana wenye kugawa majiko na taa za jua, kabla sijamufuata muzee.

Ninyi munasema "serikali" munapoandika ripoti. Sisi hapa muji tunasema leta. Leta imetoa, leta imekataa, leta inalala. Basi miaka ile mbele ya vita ya kwanza, leta ilitangaza kwamba kila nyumba ya Bukavu itapata mbabula mupya, jiko la makala lenye kula makala nusu. Musaada huo ulihitajika kweli. Umeme wa Ruzizi ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka, wakimbizi walikuwa wamejaa kila upande, miti imekwisha vilimani, na mwanamuke wa Kadutu alilitazama gunia la makala kama mutoto anavyotazama nyama ya Noeli. Tena leta ilisema haitanunua mbabula ng'ambo. Itawasaidia mafundi wa hapahapa: itawapa vyombo, itawapa mabati, nao watatengeneza.

Fundi wa kwanza kusaidiwa alikuwa Maman Furaha wa Kadutu. Mume wake alikuwa fundi wa mabati, akafa, naye akabaki na nyundo na watoto. Leta ilimupa fuawe kubwa na makasi ya kukatia chuma, akaita wajane wenzake, wakafungua atelie, karakana yao wenyewe. Ukipanda kule asubuhi ulisikia nyundo zao kabla ya kengele ya misa. Alikuwa mwanamuke munene, mwenye kucheka na kuimba, na alikuwa na amri moja tu kutoka ofisini kwetu: afuate muchoro. Muchoro ulitoka Kinshasa, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Muzee Murhula alikuwa mukubwa wangu katika sehemu ya ukaguzi. Mutu wa Idjwi, mufupi, mukavu, sauti ya chini. Alivaa koti lilelile kila siku na kiatu chake kilikuwa kimepakwa dawa ya kung'arisha hata wakati wa matope. Kazi yake ilikuwa kupima mbabula na kuipiga alama ya leta, kwa chuma kidogo chenye muhuri, ubavuni juu ya mulango wa majivu. Kila mbabula iliyotoka kwa Maman Furaha aliipiga yeye mwenyewe. Siku moja nilimuambia, "Muzee, acha vijana wakusaidie, mukono utakatika." Akanijibu, "Nabintu, mutu hajue Kinshasa, hajue muchoro. Anaona alama, anasema, leta imeangalia. Sasa kama mi sikuangalia, nani ameangalia?"

Alinifundisha mengi. Udongo wa ndani ya mbabula unaupiga kwa kifundo cha kidole: ukilia, ni muzima, ukinyamaza, una ufa hata kama hauonekani. Usipime mbabula kwa makala makavu ya ofisini, pima kwa makala yaliyonyeshewa, kwa maana hayo ndiyo yanayouzwa sokoni Nyawera wakati wa mvua. Usikubali kiti kizuri nyumbani kwa watu kabla hujaona jikoni, maana ukishakaa sebuleni utaletewa chai na jikoni hutafika kamwe. Hayo yote alijua, na bado kuna kitu kimoja kilimupita. Kilitupita wote.

Kipimo cha Kinshasa kilikuwa maji na maharagi. Tunachemsha maji uani mwa ofisi, tunachemsha maharagi, tunapima makala yaliyobaki. Na kweli mbabula ile ilikula kidogo, haikudanganya. Lakini hakuna aliyesonga bugali juu yake. Ninyi munajua bugali ya nyumba yenye watu wengi: mwanamuke anakaa chini kwenye kibao, sufuria iko motoni, maji yanatokota, anamwaga unga, anashika mwiko murefu kwa mikono yote miwili, anasukuma mpaka mabega yanatoka jasho. Ili sufuria isikimbie, anakanyaga ukingo wa mbabula kwa muguu. Mbabula ya zamani ni fupi, nzito, imekaa chini kama bibi kizee sokoni. Ile ya leta ilisimama juu ya miguu mitatu myembamba ili hewa ipite. Muguu wa mupishi haukuwa na mahali.

Hakuna aliyetuambia. Niliingia nyumba baada ya nyumba, nikauliza kama yule kijana wenu, "Iko muzuri?" Nikajibiwa, "Iko muzuri, aksanti, Mungu abariki leta." Mpaka siku moja mvua ilinikamata Muhungu saa ya chakula, nikaingia jikoni kwa maman mumoja bila kubisha hodi vizuri. Nikamukuta anasonga bugali juu ya mbabula ya zamani. Ile mupya iko wapi? Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha maua, na Bikira Maria amesimamishwa juu yake.

"Maman," nikasema, "na ile ya leta?"

"Ile ni ya chai. Ya bugali inaanguka."

"Na juzi ulinijibu iko muzuri!"

Akanitazama kwa huruma. "Dada yangu, mutu anakupa shati, wewe unamuambia mukono ni mufupi?"

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza. Nilianza kufika saa ya bugali. Na niwaambie ninyi: ukitaka kujua kama kitu cha mradi kinafaa, usitafute jibu mudomoni mwa mutu. Fika wakati wa kazi yenyewe, uangalie kitu kimewekwa wapi. Nilizikuta mbabula zetu zimegeuzwa kiti, zimegeuzwa chungu cha maua, zimewekewa viatu. Hata kwa Maman Furaha mwenyewe! Nyuma ya atelie, katikati ya mbabula mupya zilizopangwa safu, wajane wake walikuwa wanapika bugali juu ya mbabula ya zamani yenye kutu. Nikashika kiuno. Akacheka mpaka machozi, akasema, "Ile ni ya kazi, Nabintu. Hii ni ya kula!"

Nilimupelekea muzee habari nikicheka bado. Yeye hakucheka. Kesho yake alikuja ofisini, akavua kofia. Halafu akasema, "Ata kwangu." Sikuelewa. "Nilienda nyuma ya nyumba jana. Bibi yangu ana mbabula ya zamani, anaificha chini ya gunia. Miaka yote ya ndoa yetu hajanificha kitu, Nabintu. Amenificha mbabula."

Akapanda kwa Directeur. Nilikuwa nje ya mulango, nilisikia. Directeur, mukubwa wa ofisi yetu nzima, mutu wa tai na manukato, alimuambia kwamba muchoro si wetu, kwamba ataandika Kinshasa, kwamba tungojee maagizo. Muzee alipotoka nikamusihi. Nilimuambia, muzee, twende tu, tupite kwenye makanisa na kwenye soko, tuwaambie wanawake wasisonge bugali juu ya hiyo kitu mpaka itengenezwe. Akatikisa kichwa. "Leta haiwezi kusema na midomo miwili. Tungojee." Nilikasirika. Sikuficha. Nilimuambia kungojea kwake kutatuaibisha siku moja, na kwa wiki nzima nilimusalimia kwa kichwa tu.

Tukangojea. Kilichokuja si maagizo, ni vita.

Sitawaeleza vita, wengine wenu mulizaliwa ndani yake, wengine munaye aliyezikwa ndani yake. Nitasema tu juu ya mbabula. Siku risasi zilipoanza kulia, watu walibeba walichoweza wakapanda njia ya milima. Sisi tulikimbilia kwa shangazi yangu karibu na Lwiro. Na mwanamuke akikimbia anabeba nini? Mutoto, nguo, sufuria, na mbabula ya kupikia bugali. Ile ya zamani, kwa maana ndiyo aliyoiamini. Lakini ni nzito. Njiani shingo ilipokataa, ndiyo iliyotupwa. Niliziona kwa macho yangu kando ya barabara, mbabula nyeusi zimelala majanini kama kuku waliokufa. Ile ya leta ilibaki nyumbani juu ya kabati. Waporaji walichukua milango, wakachukua madirisha, lakini mbabula zile nyingi waliziacha. Labda wake zao pia walikuwa nazo.

Tuliporudi, Bukavu haikuwa na leta. Directeur alikuwa amekwenda, na gari la ofisi lilikwenda naye. Viti vilikwenda. Wakaja wakubwa wengine, halafu vita ya pili ikaja na wakubwa wengine tena, wakawa wanabadilishwa kama foronya za mito, na kila aliyekuja alisema leta ni yeye. Sisi wadogo tulibaki. Mushahara hakuna, karatasi hakuna, lakini tulifungua mulango wa ofisi asubuhi tukaufunga jioni, kwa sababu hatukujua kufanya kingine. Ule muhuri wa chuma Muzee Murhula alikuwa ameuficha ndani ya gunia la maharagi la bibi yake.

Na nyumba zilijaa. Ndugu kutoka vijijini, jamaa wa jamaa, watoto wasio na mama. Maman Nsimire wa Cimpunda, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, alipokea kaka yake na watu wake wote. Mbabula yake ya zamani ilikuwa imebaki milimani. Akashusha ile ya leta kutoka juu ya kabati, akaweka sufuria kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Siku ilikuwa ya mvua, watoto walikuwa wamezunguka moto. Alipoanza kusonga, miguu mitatu ikateleza. Maji na bugali vilimwagika juu ya muguu wa binti yake Neema, aliyekuwa ameanza shule karibuni.

Neema hakufa. Nasema mapema ili musishike pumzi bure. Lakini nilimuona hospitalini, na sitaki kusema nilichokiona. Muguu ulipona umejikunja.

Habari ilizunguka muji, na watu wakaanza kunung'unika: mbabula za leta zinaunguza watoto. Mukubwa mupya aliyewekwa juu ya huduma yetu, tulimuita Chef tu, alitaka kuonyesha kwamba yeye si wa kuchezewa. Askari wakapanda Kadutu, wakamukamata Maman Furaha mbele ya wajane wake, wakafunga atelie kwa kufuli, na fuawe ile ikapakiwa kwenye gari "kwa uchunguzi". Wajane walilia. Bila ile atelie wangekula nini? Waume hawana, mashamba hayafikiki. Ikatangazwa kwamba Jumapili baada ya misa, uwanjani kwa mukubwa wa kartie, yaani wa mutaa, Maman Furaha atajibu mbele ya watu, halafu atapelekwa mbali. Siku zile, aliyepelekwa mbali hakuwa na wa kumuulizia.

Nilimuendea muzee. "Utasema nini?" Alikuwa anapaka kiatu chake dawa. Nilitoka nimekata tamaa, nikasema moyoni, huyu anangojea tena.

Jumapili uwanja ulijaa. Maman Furaha alisimama peke yake, bila kilemba, uso umevimba. Maman Nsimire alikuwa amekaa mbele, amemushika Neema mapajani, muguu umefungwa kitambaa cheupe. Chef alisema kwa sauti kubwa.

"Huyu mama alitengeneza mbabula mubaya. Ameunguza mutoto ya batu. Anajibu nini?"

Maman Furaha akasema, "Nilitengeneza vile leta iliniambia. Muchoro ulikuwa wa leta. Alama iko pale, muangalie."

"Leta gani?" Chef akacheka, na askari wakacheka naye. "Ile leta ilikimbia! Haiko tena. Leta ni mimi, na mi sijatoa mbabula kwa mutu. Ile alama haina mwenyewe. Kwa hiyo mwenye kosa ni fundi."

Nani atabisha? Ilikuwa kweli kwamba ilikimbia, tuliiona ikikimbia.

Ndipo Muzee Murhula akasimama. Alivua kofia, akaingiza mukono kotini, akatoa kitambaa, akakifungua. Ule muhuri.

"Chef, pardon," akasema kwa ile sauti yake ya chini, watu wakalazimika kusogea ili wasikie. "Ile leta haikukimbia yote."

"Ilibakia wapi?"

"Hapa. Hii alama ina mwenyewe. Ni mukono yangu. Huyu mama alifuata muchoro, mimi ndiye nilisema iko muzuri. Na tena nilijua." Akageuka, hakumutazama Chef tena, alimutazama Maman Nsimire. "Nilijua kama inaanguka na bugali. Nilijua mbele ya vita. Huyu Nabintu aliniambia tuende tuambie batu, nikamukatalia. Nilingojea ruhusa ya batu benye walikuwa banafunga mizigo. Kama ningekuambia, maman, mutoto yako angekuwa anatembea."

Kisha akakaa chini. Nasema chini, udongoni, matopeni, na koti lake na viatu vyake. Kwetu mwenye kumukosea mutu hasimami mbele yake. Anakaa chini, na anabaki chini mpaka yule aliyekosewa amupe kiti. Kila mutu uwanjani alijua. Macho yote yakaenda kwa Maman Nsimire. Kando yake kulikuwa na kibao kitupu.

Hakumupa. Alimubeba mutoto wake, akasimama, akapita kando ya muzee, akaenda nyumbani. Mimi nililia pale bila aibu. Hasira yangu yote juu ya muzee ilikwisha siku ile, na nilitamani irudi, kwa maana ilikuwa nyepesi kuliko kile nilichosikia moyoni.

Chef hakuwa na la kufanya. Mutu amekubali mbele ya kartie nzima, utamushikaje mwingine? Maman Furaha akaachiliwa. Muzee akapelekwa kasho, kile chumba chao cha kufungia watu, chenye maji sakafuni. Bibi yake alipeleka chakula, mara kinafika, mara askari wanakula. Alipotoka alikuwa amepinda, na kikohozi kilikuwa kimehamia kifuani mwake. Nilimupelekea uji. Munafikiri aliniambia nini? Aliniambia, "Nabintu, tuanzie kartie gani?"

"Kuanza nini, muzee? Nani ametutuma?"

"Nilingojea mara moja," akasema. "Inatosha."

Basi ndivyo tulivyoanza kazi ninayojivunia kuliko zote, kazi ambayo hakuna mukubwa aliyeiagiza. Fuawe haikurudi, lakini wajane wa Maman Furaha walipata kipande cha reli, wakafua juu yake. Tulikata ile miguu mitatu ikawa mifupi. Chini tukafunga pete ya chuma yenye masikio mawili mapana, kushoto na kulia, mahali pa kukanyaga. Halafu, na hapa ndipo munisikilize ninyi wenye mashine za kupima, tulipima kwa bugali. Mwenye nyumba mwenyewe anasonga, kwa nguvu zake zote, kwa sufuria yake kubwa kuliko zote, na sisi tunasukuma sufuria ili ianguke. Isipoanguka tunakula. Vita inaendelea, muji una njaa, na mimi nilikuwa nanenepa! Kila nyumba tonge moja, haiwezekani kukataa. Tulipomaliza muzee alipiga alama ya pili kando ya ile ya kwanza, ili kila mutu ajue kwamba hii leta iliirudia.

Kufungua milango ndiko kulikuwa kugumu. Muzee alibisha hodi, akavua kofia, akasema maneno yaleyale: "Leta ilikosa. Tumekuja kutengeneza." Wengine walidhani ni mutego. Mama mumoja wa Panzi alichungulia dirishani akapiga kelele, "Tangu lini leta inarudi nyuma? Mwongo! Ondoka!" Muzee akakaa nje kwenye ngazi yake, anakohoa, mpaka yule mama akaona haya akatoa mbabula.

Kwa Maman Nsimire tulikwenda mara nyingi. Mara zile za kwanza hakufungua. Siku aliyofungua, muzee hakuingia. Alikaa chini mulangoni kama siku ile. Maman Nsimire alikuwa anachambua maharagi kwenye lungo, akaendelea kuchambua. Mvua ikaanza kudondoka. Mwishowe akasukuma kibao kwa muguu, bila kumutazama.

"Kaa," akasema. "Lakini mutoto wangu hatatembea sawa."

"Najua, maman."

"Ujue kila siku."

"Kila siku."

Akatoa mbabula. Tukaitengeneza palepale mulangoni, akasonga bugali, tukasukuma, haikuanguka. Tukala. Muzee alipiga alama ya pili katikati ya kikohozi, ikakaa upande. Mpaka leo iko upande.

Wanangu, munaniuliza siku hizi nani awajibike: mukoa, Kinshasa, wafadhili, fundi? Mimi sikusoma sheria. Najua tu kwamba mwanamuke aliyepika juu ya kitu chenu hajui hao wote. Anajua uso uliokuja mulangoni kwake. Ukitoa kitu kwa jina la leta, wewe ndiwe leta, na mukubwa wako akikimbia usiku, asubuhi bado ni wewe. Na fundi muliyemusaidia, musimuache asimame peke yake bila kilemba mbele ya watu, kwa kosa la muchoro wenu. Hayo si ya kungojea maagizo.

Muzee Murhula hakuona amani. Kile kikohozi kilimumaliza wakati vita ya pili bado inalia. Kilio kilikuwa nyumbani kwake, na tulijiuliza tutawalisha watu nini na kwa moto gani. Asubuhi ya maziko nikasikia vyuma vinagongana njiani. Wanawake walikuwa wanakuja. Kadutu, Panzi, Muhungu, Cimpunda, kila mumoja na mbabula kichwani. Wakazipanga safu uani, wakawasha makala, wakaanza kusonga. Maman Furaha aliimba, wajane wake wakaitikia.

Katikati ya safu alikaa Maman Nsimire. Neema alikuwa kando yake, anamwaga unga kidogokidogo.

Saa hiyo akaingia Chef, si yule wa kwanza, mwingine mupya, amekuja kutoa pole na kuonekana. Akapita mbele ya zile mbabula, akainama, akagusa zile alama mbili. Zilimupendeza.

"Mbabula nzuri sana," akasema. "Ni nani alizitoa?"

Maman Nsimire hakuacha mwiko. Miguu yake miwili ilikuwa juu ya masikio ya mbabula, na sufuria haikutikisika.

"Leta," akasema.

"Leta gani?"

Akaonyesha kwa kidevu ndani ya nyumba, kwenye jeneza.

"Ile pale. Tunaizika saa munane."